Kamera Mkononi, Hodi Mdomoni

Bondo haina mapambazuko marefu. Mji huu wa Kaunti ya Siaya uko karibu mno na ikweta, na mwaka mzima jua lake huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasoro dakika tano. Likishachomoza hupanda karibu wima. Kutoka giza hadi weupe wa mchana ni dakika ishirini hivi, na ikigonga saa tatu ule mwanga laini wa asubuhi umeshatoweka, vivuli vimeanza kujikunja kuelekea miguuni mwa watu na macho yameanza kuzama gizani chini ya vipaji vya nyuso. Kwa hiyo anayetaka kuutembea mji huu na kamera huliuliza jua kwanza, barabara baadaye.

Matembezi hayo nimeyafanya kwa miaka, kutoka steji ya matatu ya Bondo hadi ufuoni Usenge, bila kiongozi wa watalii wala ratiba ya mtu mwingine. Sijaona namna bora zaidi ya kuufahamu upande huu wa Ziwa Victoria.

Desturi ya kutembea mji kwa ajili ya picha imeshamiri sana katika miji ya milima ya Alps huko Ulaya. Mgeni anayefika Innsbruck, nchini Austria, huanzia kwenye roshani mashuhuri yenye paa la vigae 2,657 vya shaba vilivyopakwa dhahabu, lililokamilika mwaka 1500. Kisha huenda kwenye mto Inn na kuzipiga picha nyumba za rangi rangi zilizojipanga ng'ambo, nyuma yake pamesimama ukuta wa milima yenye theluji. Hahitaji mtu wa kumwongoza, kwa sababu njia imeshachorwa na picha yenyewe imeshapigwa na maelfu waliosimama pale pale aliposimama. Hallstatt, kijiji cha nchi hiyo hiyo chenye wakazi wasiofika elfu moja, kilielemewa na wageni wa namna hii hata mwaka 2023 ukajengwa ukuta wa mbao kuziba mandhari waliyoifuata. Baadaye uliondolewa, lakini malalamiko ya wenyeji yalikuwa yamesikika dunia nzima.

Wengi wetu tunaposikia Alps tunafikiria juu, na tunaposikia ziwani tunafikiria chini. Hesabu zinasema vingine. Maji ya Ziwa Victoria yako mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na Innsbruck iko mita 574. Mvuvi wa Usenge akisimama ndani ya mashua yake yuko juu karibu mara mbili ya mtalii aliye katikati ya mji ule. Ila Bondo haina ukuta wa theluji wa kumbebea mpiga picha kazi yake. Kinachoibeba picha ya huku ni watu: mama anayepanga nyanya kwa mafungu, kijana anayesukuma mkokoteni wa mitungi ya maji, fundi cherehani aliyeiweka mashine yake barazani mwa duka la mwingine. Jengo halikuulizi kitu ukilipiga picha. Mtu ana haki ya kuuliza, na huku atauliza.

Nashauri matembezi yaanzie sokoni, kamera ikiwa bado mkobani. Kaa kwenye kibanda, agiza chai na mandazi, salimia. Bondo ni mji wa Wajaluo, na ingawa Kiswahili kinaeleweka vizuri, "Oyawore" ya asubuhi hufungua milango ambayo lenzi ya bei kubwa haiwezi. Mwanamume mwenye mvi ni jaduong', na humwiti kwa jina wala kumwita "wewe". Mama wa makamo ni mama, hata kama hujui ni mama wa nani. Nusu saa ya namna hii haipotei. Wakati ule unaziba maswali yote ambayo ungeulizwa baadaye kwa hasira.

Ninalikumbuka swali la mama mmoja muuza samaki wa kukaanga, aliyenitazama nikiichomoa kamera taratibu baada ya kumwomba ruhusa.

"Nyathina, hiyo picha unaipeleka wapi?"

Nilimwambia ni ya gazeti, na ya kwangu mwenyewe.

"Na mimi nitaiona lini?"

Hakuna mwalimu wa upigaji picha aliyewahi kunipa somo zito kuliko hilo, na tangu siku hiyo matembezi yangu hujibu maswali hayo mawili kwanza, ya mwanga na ya pembe yakifuata nyuma.

Mwanga nao una mambo yake ya kujua. Barabara inayoingia mjini kutoka upande wa Kisumu hupokea jua la asubuhi, na vumbi la boda boda hulifanya lionekane hewani. Saa hiyo simama jua likiwa begani mwako, uwaache watu waingie kwenye mwanga wenyewe. Mchana hamia barazani. Maduka ya miji yetu yana baraza pana zenye kivuli, na mtu aliyekaa kwenye kivuli akitazama mtaa uliowaka jua hupata mwanga mzuri usoni bila taa yoyote.

Kuna jambo ambalo wapiga picha wa huku wanalijua kwa uchungu. Ukimpiga picha mtu mweusi mgongo wake ukiwa ziwani au angani, kamera huupima weupe wa nyuma na kumgeuza mtu kuwa kivuli kisicho na sura. Hata vifaa vyenyewe vilitengenezwa bila kutufikiria. Kwa miongo kadhaa kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilizigawia maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe, na uso wake ndio uliokuwa kipimo cha ngozi zote. Picha nyingi za shule na za harusi za wazazi wetu, ambamo meno na kola ya shati vinaonekana lakini uso hauonekani, zina asili yake humo. Simu za siku hizi zimeboreshwa, lakini bado zinahitaji kusaidiwa. Gusa uso wa mtu kwenye kioo ili kamera ipime hapo, kisha upandishe mwanga kidogo. Anga ikipauka, iache ipauke. Uso wa mtu una thamani kuliko wingu.

Kuhusu ruhusa, sheria nayo imesema. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake. Mwezi Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi milioni 1.85 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi milioni 4.55 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi. Nalitaja hili kwa sababu watoto wa huku hukimbilia kamera kwa furaha, na ni rahisi kuidhani furaha ile kuwa ruhusa. Mtafute mzazi. Mara nyingi hayuko mbali na, akiombwa kwa heshima, huja kusimama na mtoto wake ndani ya picha. Vituo vya polisi na kambi za jeshi usizielekezee lenzi kabisa.

Jua likishapanda, boda boda itakufikisha Nyamira ya hapa hapa Bondo, kwenye boma la Kang'o ka Jaramogi. Hapa ndipo alipozikwa Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya kati ya 1964 na 1966, aliyefariki tarehe 20 Januari 1994. Kaburi lake na jumba la kumbukumbu viko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Ni mahali pazuri pa kuwa saa sita mchana, kwa kuwa ndani kuna kivuli na kuna picha za kutazama. Simama mbele ya picha za zamani za Jaramogi, usinga mkononi na kofia ya shanga kichwani, uone jinsi alivyojua kusimama mbele ya kamera. Mavazi yale yalikuwa kauli yake ya kisiasa, na mpiga picha aliyeyakata kwenye fremu alimkata ulimi.

Tangu tarehe 19 Oktoba 2025 boma hili lina kaburi jingine ambalo taifa zima linalijua. Raila Odinga, aliyefariki nchini India siku nne kabla, alizikwa hapa karibu na babake. Wengi wanaoingia hapo huja kuomboleza, na kati yao wamo waliotoka mbali kwa matatu wakilia njia nzima. Simu zimeinuliwa kila upande, nami simlaumu mtu anayetaka kuonyesha nyumbani kwamba alifika. Lakini uso wa mtu anayelia kaburini si mali ya mpita njia. Mimi hupiga picha za viatu vilivyochakaa kwa safari, za leso, za mikono inayogusa jiwe, baada ya kuomba. Huzuni ya watu inaonekana humo bila kumwaibisha yeyote.

Neno moja kuhusu picha za enzi ile ya Jaramogi. Priya Ramrakha, mpiga picha aliyezaliwa Nairobi mwaka 1935, alizinasa harakati za uhuru wa Kenya kabla ya kuuawa kwa risasi mwaka 1968 alipokuwa akiripoti vita vya Biafra. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikaa kwa miongo kadhaa bila kuonekana, hadi jamaa yake alipoikuta ndani ya gereji mjini Nairobi. Kumbukumbu ya macho ya nchi nzima, katika masanduku, nyuma ya vyuma. Huwa naliwaza jambo hilo kila ninapoona mtu akifuta picha ili apate nafasi kwenye simu.

Kutoka Bondo barabara inaendelea magharibi hadi Yimbo, na kabla ya ziwa kuna Got Ramogi. Kwa simulizi za Wajaluo, hapa ndipo Ramogi na watu wake walipotua walipoingia nchi hii, na msitu wa kilima hicho umehifadhiwa kwa heshima kuliko kwa ua. Waganga wa miti shamba hupanda huko na waumini hupanda kuomba. Muulize mwenyeji wa karibu ni wapi panapofaa kupita na wapi hapafai. Kijana wa hapo atakupeleka kwa malipo madogo, na hilo haliondoi uhuru wa matembezi yako. Kileleni utaona jinsi nchi ilivyokaa: kinamasi cha Yala na mafunjo yake yasiyokwisha, ziwa dogo la Sare, Kanyaboli kwa mbali, na Victoria lenyewe likimeta upande wa pili. Mpenda ndege atataka kubaki kwenye mafunjo siku nzima. Wanaojua samaki watakuambia kwamba Kanyaboli bado lina aina za ngege na fulu ambazo ziwa kubwa lilizipoteza baada ya mbuta kuletwa katikati ya karne iliyopita na kuzitafuna nyingine.

Saa tisa alasiri tazama mashariki. Upepo wa ziwa husukuma unyevu kuelekea nchi kavu na mawingu hujijenga huko, meusi chini na meupe juu. Jua likianza kushuka upande wa ziwa huyapiga mawingu yale kwa rangi ambazo wanaotazama machweo hawazioni, kwa kuwa wameyapa mgongo. Picha zangu ninazozipenda zaidi za Yimbo zilipigwa jua likiwa kisogoni.

Usenge sasa.

Ufuo wa kuvulia huku huitwa bichi, na kila bichi ina kamati yake ya usimamizi, BMU, yenye mwenyekiti, katibu na sajili ya mashua. Ofisi hiyo ndiyo mlango. Ukiingia ufuoni bila kupita hapo umeingia nyumba ya watu bila hodi, na utatendewa hivyo. Ukipita, ukaeleza wewe ni nani na unataka nini, utapewa mtu wa kukutambulisha au utaambiwa tu uendelee, na taarifa zako zitakuwa zimekutangulia hadi mwisho wa bichi kabla hujapiga hatua ishirini.

Ni haki yao kuwa waangalifu. Kwa miaka mingi wenye kamera wamekuja pwani hizi wakiwa wameshaandika simulizi vichwani: UKIMWI, jaboya, umaskini, gugu maji. Wanawake waliokuwa wakianika samaki wadogo wa omena ili walipe karo walijikuta kwenye mabango na ripoti wakiwa sura ya balaa ambalo hawakuulizwa kama ni lao. Jaboya, yaani mvuvi kudai mwili wa mwanamke ndipo amuuzie samaki, limekuwapo na limeumiza watu, na wanawake wenyewe wamepambana nalo, wengine kwa kujipatia mashua zao. Lakini picha haina nafasi ya kueleza yote hayo. Ukimweka mama yule kwenye ukurasa chini ya kichwa cha habari kama hicho, kijiji kizima kitamsoma yeye. Ndiyo maana baadhi yao hugeuza uso wanapoona lenzi. Wakigeuza, shusha kamera. Usingoje wasahau.

Na wakikubali, Usenge ni neema tupu kwa mpiga picha. Omena huvuliwa usiku, katika usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta samaki hao wadogo juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazifui dafu na wavuvi wengi hupumzika, kwa hiyo angalia mwezi kabla ya kupanga safari. Angalia na kalenda pia, maana kila mwaka uvuvi wa omena nchini hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wapate kuzaana. Usiku wa kazi, kaa juu ya kilima au mahali palipoinuka, ikaze kamera juu ya kitu kisichotikisika, uache shata wazi sekunde kadhaa. Taa za mashua huonekana kama mji mwingine uliojengwa majini, na mara nyingi radi humulika juu yake, kwa kuwa dhoruba za mchana wa nchi kavu huhamia ziwani usiku.

Alfajiri mashua huingia. Hapo hakuna muda wa kumwomba kila mtu asimame, na wala usiombe. Beseni hujazwa, bei hupandishwa na kushushwa, wabebaji huingia majini hadi kiunoni. Mpiga picha hukaa pembeni ambapo hamzuii mtu kupita. Mwendo wa haraka unataka shata ya haraka, na maji yanayoakisi jua yanataka uupunguze mwanga. Baada ya nusu saa kelele hupungua na kazi ya wanawake huanza: nyavu hutandikwa chini, omena hunyunyizwa juu yake kwa mkono mmoja unaozunguka, hadi ufuo wote unageuka fedha. Piga picha ile ukiwa umechutama, karibu na ardhi, jua likiwa mbele yako kidogo ili kila samaki awe na ukingo wa mwanga. Mashua zenyewe ni maonyesho ya sanaa. Zimepakwa rangi na kuandikwa majina: ya bibi waliokwisha kufa, ya aya za Biblia, ya timu za mpira za Uingereza, ya madeni yaliyolipwa.

Ukitembea kando ya maji, jihadhari. Usitembee majini bila viatu vya mpira, kwa sababu kichocho kipo. Na jua likizama usisimame penye matete, maana kiboko hutoka saa hiyo kwenda malishoni na hapendi kukuta mtu kati yake na maji. Wenyeji wataonyesha njia zake. Watakuonyesha pia maji yalikofika mwaka 2020, ziwa lilipofurika kupita kiwango kilichokuwa hakijafikiwa tangu 1964, likazimeza bichi, vyoo, vibanda vya kuuzia na mashamba ya kando. Baadhi ya majengo yaliyoachwa bado yanaonekana kwenye picha za watu wa Usenge, na mahali yalipokuwa pamebaki nguzo. Aliyepiga picha ufuo ule mwaka 2015, hata kama alikuwa anampiga mtoto wake tu, ana ushahidi ambao mtaalamu wa mazingira angeutafuta kwa tochi.

Hapa narudi kwa swali la mama wa samaki.

Mwaka 1936 mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alikaa majuma machache katika nchi ya Wajaluo akiandika na kupiga picha. Picha hizo ziliishia Pitt Rivers, jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Oxford, pamoja na nyingine za Mwingereza C. W. Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni, za mwanzoni mwa karne. Watu waliosimama mbele ya kamera zile walizeeka, wakafa, wakazikwa katika maboma yao, na nyuso zao zikabaki ndani ya makabati nje ya nchi. Miaka zaidi ya sabini ilipita. Ndipo mwaka 2007 Christopher Morton wa jumba hilo na mtafiti Mkenya Gilbert Oteyo walipozileta nakala katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, wakayatembeza magharibi mwa Kenya, karibu na zilikopigwa. Wajukuu wakawatazama mababu. Waliokuwa "Mjaluo mmoja" katika daftari la makumbusho wakaanza kurudishiwa majina na walioweza kuwatambua.

Naiheshimu sana kazi hiyo, na bado inanitia uchungu kwamba ilichukua miaka sabini. Sisi hatuna udhuru wa namna hiyo. Picha niliyoipiga Usenge asubuhi inaweza kuwa karatasi mkononi mwa mwenyewe kabla ya Jumapili. Kuituma kwa WhatsApp ni vyema, na wengi huomba hivyo, lakini simu huibwa, huanguka majini, hujaa. Nyumba nyingi za huku zina ukuta wa sebuleni wenye picha zilizotiwa fremu na kufunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa, na ukutani hapo WhatsApp haifiki. Karatasi hufika.

Kwa hiyo matembezi yangu huishia Kisumu, kama kilomita sitini mashariki ya Bondo, kwenye studio za kusafisha na kuchapisha picha. Njiani matatu hupita karibu na Kit Mikayi kule Seme, majabali makubwa yaliyopandana ambako waumini wa Legio Maria huja kusali. Inafaa kushuka na kukaa saa moja kama jua bado liko upande. Kisumu yenyewe wengi wameipiga picha, nami sitaimaliza hapa: mnara wa saa wa mwaka 1938 uliojengwa kwa kumbukumbu ya Kassim Lakha, maduka ya zamani ya Wahindi katika mtaa wa Oginga Odinga, reli iliyofika ziwani mwaka 1901 wakati mji ukiitwa Port Florence, ufuo wa Dunga jioni. Bandarini na kwenye uwanja wa ndege omba kibali kabla ya kutoa kamera. Mimi nikifika huwa na haraka ya kuwahi studio kabla haijafungwa.

Mwulize fundi wa studio akupe karatasi isiyong'aa sana, kwa sababu sebule zetu zina dirisha moja na mng'ao huficha uso. Mwombe asiipaushe ngozi. Mashine nyingi zimewekwa zijirekebishe zenyewe na hupausha bila kuambiwa. Nyuma ya kila picha andika kwa kalamu jina la mtu, bichi au soko, tarehe, na kama ni mvuvi, jina la mashua yake. Anwani hazihitajiki. Bahasha yenye maneno hayo, akipewa kondakta wa matatu ya Usenge au mwendesha boda boda wa steji ya Bondo, hufika. Zile ambazo wenyewe hawakupatikana hubaki ofisini kwa BMU hadi wapite.

Na zikishafika, safari inayofuata huipangi tena mwenyewe. Simu huanza kulia. Mama wa samaki ana binti anayehitimu Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga na anataka apigwe akiwa na joho mbele ya kibanda kilichomsomesha, mafuta yakiwa jikoni. Seremala wa mashua anamaliza chombo kipya mwezi ujao, anataka siku ya kukishusha majini. Jaduong' wa Yimbo hana picha hata moja ya mkewe, mwenye miaka zaidi ya themanini, na mkewe anasema hatapigwa picha hadi asukwe nywele, kwa hiyo nije Jumamosi, si Ijumaa, na nije mapema kabla jua halijawa kali.